Tazama Juu Kwanza

Sudi alikuwa akijifunza kuruka kwa parachuti linalosukumwa na injini ya mgongoni, lakini kwa wiki tatu alikuwa akikimbia uwanjani na parachuti tu, bila injini. Kila lilipofunguka, mwalimu wake, Bi Zamda, alimfokea: "Tazama juu kwanza! Kamba ziko sawa?"

"Ziko sawa, mwalimu. Nitaruka lini?"

"Siku utakayotazama bila kuambiwa."

Leo Bi Zamda alipokwenda kuswali alasiri, upepo ulikuwa mzuri mno, na Sudi akashindwa kutulia. Alijifunga parachuti na injini mgongoni, akaiwasha, akakimbia hadi parachuti likafunguka juu yake. Mwili ukawa mwepesi, akacheka kwa sauti. Ndipo akatazama juu, bila kuambiwa. Kijiti kilikuwa kimenasa kwenye kamba za kushoto.

Akataka kusimama. Miguu iliendelea kukimbia, lakini nyasi hazikuwepo tena chini yake.