Grisi ya Semkiwa na Zawia

Siku hizo kila nyumba ya Korogwe ilipewa beringi moja ya feni. Ilikuja ndani ya kasha la chuma, imezibwa kwa mpira pande zote mbili, bila tundu la kuongezea grisi. Kwa maana grisi iliyomo ilikwisha kupimwa kulingana na miaka ambayo wenye nyumba walitarajiwa kuishi.

"Shikamoo, mzee. Nimewaletea yenu," fundi wa beringi alimwambia Semkiwa mlangoni.

"Marahaba. Imetiwa ya miaka mingapi?"

"Hata sisi hatuambiwi, mzee wangu. Ukitaka kujua, we ishi tu!"

Semkiwa, aliyepaka grisi mashine za kiwanda cha mkonge kwa miaka thelathini, alitia kidole katikati ya beringi akaizungusha polepole. Beringi iliyoshiba grisi hukikatalia kidole kwa kiasi. Hii ilizunguka bila ubishi wowote.

Bi Zawia, mkewe, aliacha kuchambua mchele. "Vipi, Baba Sauda?"

"Inazunguka vizuri, mke wangu."

"Basi na ifungwe. Joto hili litatuua kabla ya siku zetu."

Ikafungwa, na upepo ukajaa sebuleni hata Bi Zawia akacheka kwa raha. Tangu juma lile, kila Bi Zawia aendapo sokoni, Semkiwa huizima feni na kukaa peke yake katika joto, shati limemganda mgongoni, mpaka asikie hatua za mkewe zikikaribia mlango. Hapo ndipo huiwasha.