Vipembe vya Mtapo wa Mama

Mmea uliokuwamo kwenye orodha ya serikali uliishi, na usiokuwamo ulichomwa moto. Zamia, mtapo wa Meksiko wenye majani kama ya mnazi, ilikuwamo. Nduguye, mtapo wa pembe, hakuwamo.

Kwa hiyo kila koni, kile kichwa cha magamba katikati ya majani, ilipochomoza, Bi Mwanahamisi alipiga magoti uani mbele ya chungu cha mtapo wa pembe alichoachiwa na mama yake, tupa ya kucha mkononi. Majani yalifanana na ya Zamia, yangemhadaa mkaguzi yeyote. Koni ndiyo ingewaumbua: nene kama gunzi la muhindi, na juu ya kila gamba vipembe viwili vikali. Alivisaga kimoja kimoja, binti yake Chausiku akimcheka.

Jumanne mkaguzi alibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Mkaguzi akapitisha kidole gumba juu ya koni, taratibu, toka kileleni mpaka shinani.

"Zamia safi kabisa," mkaguzi alisema, akagonga muhuri. "Ule wa pembe tumeumaliza. Wa mwisho tuliuchoma juzi, Muheza. Sasa tunaufuta vitabuni."

"Hata picha zake?"

"Hata picha, mama."

Mkaguzi alipokwisha kuondoka, Chausiku hakucheka tena. Mama yake alifunua majani ya nyuma, palipojificha koni changa ambayo tupa ilikuwa haijaigusa.

"Lete mkono. Gusa hivi vipembe mpaka vidole vyako vivijue."

Chausiku akagusa, kwa muda mrefu.

"Umevijua?"

"Nimevijua, mama."

"Haya. Shika tupa, uvisage."