Nukta Nyekundu

Kwenye kompyuta, Mwanaheri alikuwa ameunganisha simu zote zilizopigwa hospitalini wiki ambayo mjomba wake, Shekue, alifiwa na mkewe. Kila mtu alikuwa nukta; mashine iliwakusanya wanaopigiana sana, kila kundi na rangi yake.

"Wekundu ndio walioiba dawa za hospitali, mjomba. Mganga mkuu, mtunza stoo, mwenye duka la dawa." Akaigusa nukta ya nne. "Na wewe umo."

Shekue alicheka kwa uchungu. Wiki ile aliwapigia wote watatu kutwa kucha, akiomba chupa moja tu ya dawa ya mkewe.

"Nikufute?"

"Thubutu! Watu wakiniona humo wataniuliza nilikuwa nawapigia nini. Hapo ndipo nitakapowaanika, washenzi wale."

Asubuhi aliigongomelea picha ya zile nukta, kila moja na jina lake, langoni mwa hospitali, akasimama kando yake. Mganga mkuu alishuka garini, akaja mbio kuichana. Wagonjwa kwenye foleni wakaanza kuinuka.