Bomu la Saba

Marcellin alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya kahawa, na suti yake na tai yake, mikono kisogoni. "Vuuuu!" alinguruma. "Halafu: buuum!"

Glasi zikacheza juu ya meza. Wajomba wakazikumbatia sahani zao.

"Eish, Papa," alisema binti yake Murielle, akafunika uso.

Na kumbe ilikuwa siku ya utambulisho! Gradi, kijana aliyetaka kumwoa Murielle, alikuwa amemleta baba yake, mzee Théodore, kutoka Midrand mpaka hapa Kensington. Walichelewa saa nzima, maana Marcellin aliwaambia kwenye simu wakate kushoto kwenye robot, zile taa za barabarani, wakati nyumba iko kulia.

"Mtusamehe," mkewe Léocadie aliwaambia mlangoni. "Huyu kushoto na kulia havijui. Hata harusini pete alinivisha mkono usio wake."

Kwa mila za kina Théodore, siku kama hii hakuna hotuba. Baba wa mvulana hupewa glasi na baba wa binti. Akiimaliza, binti ni wao. Akiirudisha imejaa, kila mtu atafute koti lake. Glasi ya Fanta ilikuwa mkononi mwa Théodore tangu saa nane, na midomo yake haijaigusa. Alikuwa akimkagua yule mtu wa chini ya meza kwa jicho la askari wa forodha.

Léocadie alikuwa ameonya tangu asubuhi: "Papa Murielle, leo vita usivisimulie. Tutakosa mkwe." Kanisani watu walikuwa wakigawanya kila hesabu ya Marcellin kwa nne, ndipo waseme amina. Lakini mdomo uliozoea kunguruma utaufunga na nini?

"Uwanja gani huo wa ndege uliopigwa?" Théodore aliuliza.

Marcellin akatambaa nje, akajipangusa magoti. "Ule wa kilimani, juu ya mashamba ya chai. Sisi tulikuwa watu wa ndege za mabomu."

Théodore akaishusha glasi mezani. Léocadie akafumba macho, akaanza kusali kimoyomoyo.

"Mabomu mliyadondoshaje?"

"Kwa miguu! Zilikuwa ndege mbili za mizigo, kuukuu. Unajifunga kamba kiunoni, mlango wa nyuma unafunguliwa, unayasukuma kama magunia ya muhogo. Na ramani nilishika mimi."

Gradi, aliyekuwa bado anaikumbuka ile robot, akakohoa.

"Kamanda alifuga nini?" Théodore alimpima.

"Mbuzi dume. Cheo chake koplo. Asiyempigia saluti alilala mahabusu."

Théodore akasimama. "Haki ya Mungu! Mimi nilikuwa fundi wa injini pale! Nilikuwa na siku mbili tu tangu nifike!"

Wazee wawili wakakumbatiana mpaka vifungo vikalia. Léocadie akafumbua macho, haamini. Miaka yote hii, kumbe mumewe alikuwa na hadithi moja ya kweli!

"Sikilizeni, watoto," alisema Théodore. "Ndege yetu ya kwanza ilitoka alfajiri kwenda kumpiga adui. Sisi wa ile ya pili tuko kwenye chai. Ukungu, mkono wako huuoni. Mara ngurumo juu ya vichwa. Handakini! Jiko likaenda. Choo cha maofisa kikaenda. Koplo mbuzi akaenda. Na hili." Akageuza kichwa waone sikio lake, limebaki nusu kama mkate ulioumwa. "Adui hata baiskeli hakuwa nayo, lakini siku hiyo alipata ndege! Redio ikasema ameazimwa na mabeberu."

"Na ile ndege yenu ya kwanza?" Gradi aliuliza.

"Haikurudi. Mashujaa wale! Kila mwaka nawawashia mshumaa."

"Mungu awalaze pema," Marcellin alisema, akitazama zulia.

"Ila aliyetupiga..." Théodore akaichukua tena glasi. "Niliapa. Mwanangu hataoa kwa mtu wa ndege ile, hata kama binti yake ndiye wa mwisho duniani. Na leo Mungu amenipa mkwe kutoka handaki langu mwenyewe!"

Glasi ikapanda. Fanta ikagusa masharubu.

"Mabomu sita," Théodore alisema juu ya ukingo wa glasi, "na hakufa mtu hata mmoja."

"Saba," alisema Marcellin.

"Sita, Papa Murielle. Niliyahesabu, uso ukiwa kwenye tope."

"Saba."

Sebule nzima ikaangua kicheko. "Ameanza!" alisema mjomba mmoja. "Gawanya kwa nne!" alidakia mwingine. Hata Léocadie alicheka, kicheko cha mtu aliyeokoka, akampapasa mumewe mgongoni. "Kubali sita, baba, mgeni anywe."

Masikio ya Marcellin yakawaka moto. Miaka yote amewalisha watu hawa uongo, wakala wakashiba. Leo, kwa mara ya kwanza, anawapa hesabu iliyonyooka, nao wanaikata!

"Saba!" Akapiga meza kwa ngumi. "Yaliyoanguka ni sita. La saba lilikwama mlangoni mwa ndege yetu, nikalisukuma mpaka kidole cha mguu kikavunjika!"

Akavua kiatu cha kulia wajionee wenyewe. Akautazama mguu, vidole vyote vizima, akavua na cha kushoto.