Jina la Gaylon Hargis Mtoni

"Mbona siwasikii ndege?" Gaylon Hargis aliuliza, ameshika kiwiko cha binti yake.

"Watu ni wengi, baba. Wamewatisha," Twyla akajibu.

Gaylon aliridhika. Tangu kiharusi kimpofushe, binti huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Daktari alikuwa amemwonya Twyla: mshtuko mwingine, basi tena. Kila asubuhi alikwenda kwenye nyumba ya wazee mjini Little Rock akamsomea gazeti, na kila asubuhi mzee aliulizia Mto Pruitt kwanza.

"Upo vilevile, baba. Sheria yako haijaguswa."

Hapo ndipo alipokubali kula.

Miaka yake yote katika bunge la Arkansas aliimalizia kwenye mto ule. Walimwita Mheshimiwa Kome, kwa kuwa alitunga sheria iliyozuia bwawa kubwa la umeme ili kuwaokoa kome, chaza wadogo wa mtoni wanaojificha matopeni. Walimchomea gari. Walimpiga risasi mbwa wake, wakamtundika langoni. Mkewe, Ardith, alichoka kuishi kwa hofu akaenda kwa dada yake mjini Tulsa, akafia huko kabla hawajapatana. Gaylon hakumlaumu. Alichobakiwa nacho ni mto tu.

Boyd Ketchersid, hasimu wake wa bungeni, alipopiga simu kusema wanataka kuweka jina la Gaylon pale mtoni, Twyla alimsihi baba yake asiende, baridi ni kali. Mzee alikataa katakata.

Sasa, pale mtoni, Boyd alimpiga begani. "Kumbe bado unapumua, Kome."

"Nakusubiri utangulie."

Wakacheka wote wawili.

"Kusema kweli sikutegemea ungekuja," Boyd akasema, sauti imelainika. "Wengine wangeweka kinyongo."

"Kinyongo cha nini, Boyd? Tumeshazeeka."

Harufu ya saruji mbichi ilimpanda puani. "Mmejenga nini hapa?"

"Pa watu kusimama, baba," Twyla aliwahi kujibu. Akajibana kwa baba yake kama mwenye baridi. Gaylon alivua skafu yake akamfunga shingoni.

Wakampa kipaza sauti. Chini kabisa alisikia maji yakigonga mawe, sauti ileile aliyoifahamu tangu utotoni.

"Mlinitukana sana," alisema. "Leo nawashukuru. Mmeuacha mto upite."

Kisha mtu mmoja akapiga makofi mawili matatu, akaacha. Gaylon alidhani ni heshima.

Boyd aliuchukua mkono wake, akauweka juu ya kitufe chenye baridi. "Bonyeza, Mheshimiwa. Heshima hii ni yako."

Lazima ni cha kuteremsha pazia, alifikiri, jina lionekane. Alibonyeza kwa nguvu zake zote, akitabasamu.

Sakafu ilinguruma chini ya viatu vyake. Chuma kilisaga chuma, kwa muda mrefu, kisha sauti ya maji ikakatika.

"Mabibi na mabwana," Boyd akatangaza, "milango ya maji imefungwa. Bwawa la Gaylon Hargis limeanza kujaa."