Mstari Uliokataa Kufutika

Tarehe nne Juni, asubuhi ya manyunyu, Dakta Tumsifu alichovya karatasi mbili zenye sampuli ya protini maabarani. Ya kwanza ilipata kingamwili tupu, ile inayoshika protini na kuacha mstari mweusi. Ya pili ilipata kingamwili iliyokwisha kushibishwa peptidi, yaani kipande cha kutengenezwa cha protini aliyoitafuta. Kingamwili iliyoshiba haishiki tena protini hiyo, hivyo kwenye karatasi ya pili mstari huo ulipaswa kutoweka.

Haukutoweka.

“Basi miaka sita kingamwili hii imekuwa ikishika kitu kingine,” alisema Bi Mwanaheri, fundi wa maabara. “Nilikuomba tufanye jaribio hili mwanzoni, ukaniita mama wasiwasi.”

Wanafunzi wawili waliacha kuosha vyombo. Tumsifu aliinua karatasi ya pili dirishani. Mstari ulikuwa mweusi tii.

“Mungu ananisikia, nanyi mnanisikia,” alisema. “Leo hii nitaliandikia jarida liifute makala iliyonipa udaktari, maana yote ilisimama juu ya mstari huu.”