Kikombe cha Pili Kibandani

Katika Tanga ya wakati huo, magari yalipimwa moshi kwa haki tupu: bomba lilielekezwa kwenye kibanda cha kioo, na ndugu mmoja wa mwenye gari alikaa humo mpaka amalize kahawa. Akitoka bila kukohoa, gari limefaulu.

Mbwera alikuwa ameifungia pikapu yake kichujio cha ujanja. Kilisafisha moshi kwa muda wa kikombe kimoja, kisha kikafa kifo cha kishujaa. Kila mwaka alimpeleka binamu yake, aliyekunywa kahawa kama anayezima moto. Mwaka huu binamu alisafiri, akajitolea mama mkwe, Bi Mwanasiti. Nani angethubutu kumkatalia mkwe?

Bi Mwanasiti aliingia na kashata zake, akanywa taratibu, kisha akagonga kioo.

"Kahawa tamu hii! Niongezeeni."

"Mama, si inatosha?" Mbwera alisihi, jasho likimtiririka.

"Unanihesabia vikombe, mkwe wangu?"

Mkaguzi akamimina. Hapo kichujio kikakata roho, na wingu jeusi likaanza kutambaa kuelekea miguuni pa Bi Mwanasiti. Mbwera akaruka, akachomoa ufunguo. Injini ikazima, na kibali cha mwaka mzima kikaenda nayo.

Bi Mwanasiti alitoka akipangusa midomo. "Imefeli?"

"Imefeli, mama."

"Basi leo nimejua binti yangu yuko salama. Twende kwa miguu, kesho tutaitengeneza kweli."

Walipita kibanda cha jirani. Mwanamume mmoja alikuwa ameegemea kioo, akimchekea mkewe aliye ndani.

"Kunywa, mpenzi," alisema. "Kunywa upesi."